Boneti Kumi na Mbili, Mpaka Chuma

Mara ya kwanza kufanya biashara na Jicho, alinipakia rangi nusu mlango.

Nilikuwa na pikapu niliyotaka kuiuza upesi. Mlango wake wa kushoto ulikuwa umebonyea kwa sababu ambazo mnunuzi hakuwa na haja ya kuzijua. Gereji wakaunyoosha, wakapiga pati kuziba mabonde, wakanielekeza kwa mwanamke aliyekuwa akichanganya rangi chumba cha nyuma. Akanitajia bei. Mimi, kama kawaida yangu, nikamtajia nusu yake. Sokoni wananiita Bwana Nusu, na jina hilo halijawahi kunikera. Nilianza kwa kutembeza waya za antena begani, na leo nina skrini za matangazo thelathini na moja katika kumbi za watu. Sikufika hapa kwa kukubali bei ya kwanza.

"Nusu?" akauliza.

"Nusu, dada yangu. Mlango wenyewe mmoja."

"Haya. Njoo kesho saa nne."

Kesho yake saa nne nikakuta mlango uko tayari. Kuanzia kwenye bawaba hadi katikati, rangi ilikuwa imelala sawasawa na gari zima. Usingejua ilipoanzia hata ungepitisha ulimi. Kuanzia katikati hadi kwenye kitasa ilikuwa praima ya kijivu tupu, ile rangi ya chini. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili umenyooka kama uliopigwa rula.

"Hii nini?"

"Nusu yako hiyo," akasema, huku akijipangusa mikono kwa thina. "Ukiitaka na ile nyingine, bei yake unaijua."

Mafundi walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nikatoa pesa. Sikumchukia, ila nilimweka akilini. Mtu anayekufanyia hivyo bila kupandisha sauti, ama unafanya naye biashara ama unamkwepa maisha yako yote.

Wakati ule alikuwa anakaribia miaka sitini, mfupi, mikono mipana kuliko yangu. Walimwita Jicho kwa sababu hakufungua kitabu cha rangi. Gari likiletwa alilizunguka mara moja, akapangusa vumbi sehemu moja kwa kidole gumba, akaingia ndani kuchanganya. Alitoka na rangi ileile, pamoja na uchovu wake wote wa jua na mvua. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita.

"Kazi yangu ikiwa nzuri haionekani," aliwahi kuniambia. "Mtu akiiona tu, nimeharibu. Hebu wewe ishi hivyo, kaka."

Siku hiyohiyo ya mlango ndipo nilipoziona boneti. Zilikuwa kumi na mbili, zimeegemezwa ukutani nyuma ya kompresa, za magari yaliyokwisha kukatwa na kuuzwa vipande vipande. Gari likimaliza kupulizwa, rangi kidogo hubaki kwenye bunduki ya kupulizia, na kila gereji humwaga. Jicho hakumwaga. Alibandika utepe wa karatasi juu ya boneti mojawapo, akaacha wazi umbo alilolitaka, akapuliza mabaki yale hapo. Siku ya pili gari jingine, umbo jingine, juu ya lile la jana. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na mbili. Hakukuwa na picha ya mtu, wala mti, wala nyumba. Yalikuwa mapande ya rangi tu, yamekatana na kulaliana. Mwenye gereji aliyaita madoa.

Mwaka mmoja baadaye gereji ikanunua kifaa cha ukubwa wa kikombe cha chai. Unakibandika kwenye gari, kinasoma rangi na kukuandikia mchanganyiko wake. Jicho akaagwa. Wakamwandalia hotuba na saa ya ukutani.

"Saa ninayo," akawaambia. "Nipeni madoa yangu."

Akayapeleka nyumbani kwa mkokoteni, safari tatu.

Wakati huo mimi nilikuwa na skrini nne katika ukumbi wa ofisi ya leseni. Ndio ukumbi ulionilisha: watu mia tatu kwa siku, wamekaa kwenye mabenchi na namba zao mkononi, hawana pa kutazama ila kwangu. Lakini matangazo yalikuwa machache, na tangazo la magodoro lilikuwa limewarudia hadi mzee mmoja akairushia skrini kiatu. Mkuu wa ofisi akaniita. Alikuwa mwanamama nadhifu, miwani kwenye mnyororo.

"Weka kitu cha kutuliza katikati ya matangazo," akasema. "Kitu kisicho na maneno, wala siasa, wala watu wanaogombana."

Nikazikumbuka boneti.

Nilimkuta Jicho uani kwake, kwenye nyumba ya vyumba viwili na banda la bati. Mumewe, fundi cherehani mstaafu, alikuwa kibarazani akitia uzi kwenye sindano bila miwani, kwa majivuno. Nikaeleza nia yangu. Nitazipiga boneti picha, mtu wangu atazifanya zisogee polepole kushoto na kulia, tutaziita filamu.

Jicho alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ni kumtembeza maiti," akasema.

"Mama watoto!" mumewe akamkemea, ila alikuwa anacheka.

"Si ndivyo? Kitu kimelala, unakivuta huku, unakivuta kule. Nitazitengeneza mwenyewe. Niletee kamera, kompyuta na stendi ya miguu mitatu. Nipe wiki kumi na mbili."

"Unajua kutengeneza filamu?"

"Wewe ulijua kuuza antena siku ya kwanza?"

Tukakaa kupatana. Nilitoa kamera na kompyuta za mtumba, ziwe zake. Yeye atanipa filamu kumi na mbili, dakika tatu kila moja. Nikaongeza sharti langu kama mtu anayeongeza chumvi tu: filamu zikikamilika, boneti zote kumi na mbili ni zangu. Sikumwambia kwamba nilikwisha kuzungumza na mwenye hoteli mmoja aliyetaka kuzitundika kwenye ukumbi wake wa chakula, na kwamba tulikwisha kupeana mikono.

Nilitegemea ubishi. Jicho akamtazama mumewe, mumewe akatazama sindano yake.

"Sawa," akasema. "Na mimi nina langu. Hakuna mkono wa mtu mwingine ndani ya filamu. Hakuna kukata, hakuna kuongeza, hakuna kuandika kitu juu yake. Na zitaonyeshwa miezi mitatu kamili, kila moja mwanzo hadi mwisho."

Sharti hilo halikunigharimu chochote, kwa hiyo nililikubali haraka. Tukaandika karatasi, tukatia sahihi, mumewe akashuhudia.

"Njoo uone ninavyofanya," akaniambia nikiondoka. Wiki ya pili akanipigia simu: njoo uone. Wiki ya tano tena. Kila mara nilikuwa na skrini ya kufunga mahali. Nilimwambia namwamini. Nilikuwa najivunia karatasi yangu.

Wiki ya kumi na mbili ilipotimia nikaenda na pikapu ya kukodi na mablanketi ya kuzifungia boneti zisikwaruzwe. Wakanikaribisha bandani, nikakalia kitu kipana kilichofunikwa shuka. Jicho akanikabidhi flashi yenye filamu. Nikaitia mfukoni.

"Na boneti zangu?"

"Unazikalia."

Nikainuka, nikavuta shuka. Boneti kumi na mbili, zimepangwa moja juu ya nyingine, na hakuna hata moja iliyokuwa na rangi. Kilikuwa chuma tupu, kimesuguliwa hadi kikang'aa, kimepakwa mafuta kidogo kisishike kutu.

Sikumbuki vizuri nilichosema. Mumewe anakumbuka na huwasimulia wageni. Najua nilitaja polisi, mahakama na mwenye hoteli.

"Umemaliza?" Jicho akauliza. "Karatasi inasema boneti. Hizo ni boneti. Nilikuita mara tatu."

Halafu akawasha kompyuta.

Filamu ilianza na boneti ya kwanza kama nilivyoijua. Kisha rangi ya juu ikaanza kuliwa. Tundu dogo lilitokea pembeni, ndani yake rangi nyingine, ndani ya hiyo nyingine, miviringo myembamba inayotanuka kama ramani ya mlima. Umbo la buluu ambalo hakuna mtu aliyejua lipo likapanda, likakaa sekunde chache, likaliwa na lililo chini yake. Hakikutulia kitu. Kila rangi ilikuja ikiwa imechelewa, ikaondoka mapema. Mwisho ikaja praima nyekundu, ikachanika, na chuma kikatokea kidogo kidogo hadi kikajaa skrini nzima. Hapo picha ikasimama sekunde kumi, chuma tu.

Akanionyesha alivyofanya. Boneti mezani, kamera juu yake. Anasugua kwa msasa wa maji mara chache, anapangusa, kamera inapiga picha moja. Mikono yake yote ilikuwa na kazi, kwa hiyo mumewe alifungua pedali ya cherehani yake, fundi redio mmoja akaiunganisha na kamera, na Jicho akawa anapiga picha kwa mguu. Picha elfu moja na mia nne kwa kila boneti. Walifanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita tu, mwanga usibadilike, na mzee alishona pazia jeupe la dirisha kuutuliza.

"Miaka kumi na mbili, dada," nikasema. "Umeifuta yote."

"Nimeifuta? Hapa juu ulikuwa unaona rangi ya mwisho tu. Kila tabaka humu ndani ni gari la mtu, na nililifunika mwenyewe kwa mkono wangu. Nimefunika vitu maisha yangu yote, Bwana Nusu. Sasa nafunua." Akafunga kompyuta. "Hizo filamu ndizo nilizo nazo. Sina kingine. Kwa hiyo usizichezee."

Mwenye hoteli alizitazama boneti kwa muda mfupi sana. Hadi leo tukikutana ananisalimia kwa kidevu.

Nikaziweka filamu ofisi ya leseni. Wiki ya kwanza watu walinung'unika. Wiki ya pili wakaanza kushindana.

"Sasa inakuja kijani," mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli alikuwa akiwaambia wenzake benchini.

"Kijani gani? Ilishapita. Hii inakwenda kwenye njano."

"Subiri uaibike."

Ikatokea zambarau, benchi zima likamzomea. Walikuwa wamejifunza hata kuhesabu foleni kwa filamu: ukiona chuma mara tano, namba yako imekaribia dirisha. Mimi nilisimama nyuma nikiwatazama, na kichwani nilikuwa nimeshapandisha bei ya matangazo.

Mkuu wa ofisi akaniita.

"Kile chuma cha mwisho," akasema. "Mgeni wetu kutoka juu ameuliza kwa nini skrini zetu zimeharibika. Kata kile. Weka maua. Na juu yake pitisha maneno: karibu tukuhudumie."

"Mheshimiwa, nina mkataba na mchoraji."

"Na mimi nina mkataba na wewe. Unaisha mwezi ujao."

Nikaenda kwa Jicho. Nilipanga maneno njiani. Nikamwambia filamu itabaki, ni ile sehemu ya mwisho tu. Nikamwambia ni mkate wangu. Nikamwambia tuonyeshe nusu ya kila filamu, mpaka mkataba wangu utiwe sahihi, halafu tutairudisha.

"Nusu," akasema.

"Kwa muda."

"Ulishawahi kuniomba nusu. Uliiona ilivyo." Hakukasirika. Alikuwa anaosha vipande vya msasa na kuvianika kwenye kamba. "Bila chuma ni mapambo ya ukutani. Mtu hajui kama kuna mwisho. Sikati."

"Wewe hukati. Mtu wangu atakata."

"Karatasi inasema mtu wako hana mkono humo."

Niseme ukweli: nilikata. Fundi video wa mjini akaondoa chuma, akaweka waridi zinazofunguka, akapitisha maneno. Nikahesabu kwamba mwanamke wa miaka sitini hana safari ya kwenda ofisi ya leseni.

Alikuja siku ya tatu, pamoja na mumewe aliyevaa koti la harusi. Mimi nilikuwepo, nikirekebisha waya. Walichukua namba kama watu wote, wakakaa benchi la mbele. Filamu ya kwanza ikapita na waridi zake. Yule mwanamume wa ovaroli, ambaye leseni yake ilikuwa na matatizo yasiyokwisha, akalalamika kwa sauti, "Jamani, chuma changu wamepeleka wapi?"

Jicho hakugeuka. Namba yake ilipoitwa, alikwenda dirishani akasema anataka kumwona mkuu, ana malalamiko. Karani akamwambia malalamiko husajiliwa kwa kidole. Akaweka kidole gumba kwenye mashine. Mashine ikakataa. Akaweka cha pili. Ikakataa vyote kumi.

"Mama, mashine inasema hupo," karani akasema.

"Sipo?" Akanyanyua mikono yake ukumbi mzima ukaiona. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa kama kijiko. Wiki kumi na mbili za msasa wa maji. "Alama zangu zipo. Ziko pale juu. Huyu bwana amezikata, akaweka maua."

Akaburuta kiti cha karani, akapanda, akachomoa waya wa skrini ya kwanza. Askari akaja mbio, akafika, akasita. Ni vigumu kumshika bibi aliyesimama juu ya kiti.

"Shuka, mama."

"Nitashuka. Nakwenda kwenye ya pili."

Mkuu wa ofisi akatoka. Mzee akasimama, akatoa ile karatasi kwenye mfuko wa koti, akaisoma yote kwa sauti, sahihi yangu pamoja na jina langu kamili, ambalo sokoni hakuna anayelijua. Wengine walicheka jina. Yule wa ovaroli akauliza, "Kwa hiyo huyu Bwana ndiye mwizi wa chuma?"

"Usiingilie kazi ya ofisi," mkuu akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Amua hapa. Maua, au uondoe skrini zako."

Nikamtazama Jicho, bado yuko juu ya kiti. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Dada, labda tukubaliane, nusu ya siku…"

"Leo nusu hakuna."

Wasomaji wanaonifahamu wasinipambe. Sikuguswa moyo. Nilipiga hesabu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu zaidi ya mia, na kati yao niliwaona wenye maduka wanne ninaofanya nao kazi kwa maneno matupu, bila karatasi. Walikuwa wamesikia karatasi yangu ikisomwa, na waridi wamezitazama asubuhi nzima. Mfanyabiashara ambaye sahihi yake haina kazi hupewa kila kitu kwa fedha mkononi, na mimi nimekua kwa kuaminiwa kwanza. Ukumbi mmoja, hata uwe mnono vipi, haulipi hasara hiyo.

"Naondoa," nikasema.

Jicho akashuka, akarudisha kiti cha karani mahali pake, akakipangusa alipokikanyaga. Akanishikia ngazi nikifungua skirubu. Hakunishukuru. Aliniambia nimeshika bisibisi vibaya.

Bado nilikuwa nadaiwa wiki tisa za maonyesho kwa mujibu wa karatasi. Nikazifunga zile skrini nne penye watu wa magari: duka la matairi na gereji tatu, mojawapo ikiwa ileile yenye kifaa cha kikombe. Sikuwa na pengine. Filamu zikapita nzima, chuma na sekunde zake kumi. Siku moja dereva wa gari la wagonjwa alisimama mbele ya filamu ya saba, akashika kiuno.

"Hii nyekundu ni yangu! Nililigonga kwenye lango la hospitali. Nani amewapa?"

Baada ya hapo walianza kuja watu kutafuta magari yao. Wengine wanadanganya, magari yao hayajawahi kufika gereji ile, lakini wakisubiri wananunua tairi. Mwenye gereji, yuleyule aliyeyaita madoa, alinunua benchi la kuwakalisha. Jicho hupita pale mara moja kwa wiki, anasimama nyuma yao, anawasikiliza wakibishana, hasemi yeye ni nani.

Nilichopoteza ni ukumbi wa leseni, na hoteli. Matairi na gereji tatu ukizijumlisha hazifiki nusu ya ukumbi ule, na najua kichekesho kilichomo. Nilichopata ni kwamba wale wenye maduka wanne sasa ni tisa. Jicho alipoteza kila alichopaka kwa miaka kumi na mbili, na ofisi hadi leo haimtambui kwa kidole. Filamu zake zinaendelea, hazijakatwa hata sekunde.

Mwezi uliopita nilikwenda kumuomba nyingine kumi na mbili. Banda lilikuwa limejaa harufu ya rangi mbichi. Mafundi wa gereji humletea mabaki yao kwenye makopo ya maziwa.

"Kwanza boneti zangu," akasema. "Nahitaji za kupakia rangi."

"Ni zangu, dada. Karatasi inasema."

"Unazifanyia nini?"

"Mbili nimekata vishikio vya skrini. Zimebaki kumi." Nikakohoa. "Naweza kukupa tano."

Mumewe aliweka chini alichokuwa akishona ili acheke vizuri. Jicho alinikazia macho yale yanayosoma rangi ya gari kwa mzunguko mmoja, hadi nikaanza kutafuta funguo za pikapu mfukoni.

Nikamletea zote kumi mchana uleule. Akazigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaegemeza ukutani.

"Kuhusu filamu tutazungumza zikiwa tayari," akasema. "Itachukua miaka. Lakini leo napuliza. Una kazi, au unakaa uone?"

Nikavuta kigoda.